Goti la Mchezaji na Miezi Tisa Isiyo na Mwenyewe

Kila msimu wa ligi tukio hili hujirudia. Mchezaji anakimbia peke yake, hakuna aliyemgusa, anageuka ghafla kuufuata mpira, kisha anaanguka ameshika goti. Jukwaa linanyamaza. Machela inaingia. Kesho yake klabu inatoa taarifa ya mistari minne: mchezaji wetu amekatika ligamenti ya goti, atafanyiwa upasuaji, atakaa nje kwa muda mrefu, tumwombee. Baada ya wiki chache inasambaa picha ya kijana akiwa kitandani, mguu umefungwa bandeji, dole gumba liko juu, na maneno kwamba upasuaji umekwenda salama. Kwa wengi wetu habari inaishia hapo. Nathubutu kusema kwamba hapo ndipo inapoanza.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Upasuaji wa ligamenti ya goti si tiba iliyokamilika. Ni mlango wa kuingilia katika kazi ya miezi tisa au zaidi, na miezi hiyo, katika mazingira yetu, haina mwenyewe. Daktari wa upasuaji amemaliza sehemu yake, klabu inahesabu siku za mkataba, familia inasubiri fedha ya matumizi, na mchezaji amebaki na mguu wake. Matokeo yake ni kwamba swali la nani atarudi uwanjani haliamuliwi na ukubwa wa jeraha wala ushujaa wa mtu, bali na nani mwenye uwezo wa kungoja. Jambo linaloamuliwa na uwezo wa kungoja si la kitabibu pekee. Ni suala la haki za kazi, na kwa hiyo ni suala la siasa.

Kinachokatika ni nini

Goti limeshikiliwa na ligamenti nne kuu, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa mmoja na mwingine. Mbili ziko pembeni, na mbili zimo ndani kabisa ya kiungo, zimepishana kama msalaba. Ile ya mbele kati ya hizo za ndani, ambayo watangazaji wetu wamezoea kuitaja kwa herufi tatu, ACL, ndiyo inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele ya mfupa wa paja. Ndiyo pia inayolidhibiti goti pale mwili unapogeuka huku mguu umekanyaga chini. Kwa sababu hiyo wahanga wake wakubwa si wakimbiaji wa mbio ndefu, bali wachezaji wa soka, netiboli, mpira wa kikapu, mpira wa mikono na raga: michezo ya kusimama ghafla, kuruka, kutua na kubadili mwelekeo. Katika netiboli kanuni yenyewe inamzuia mchezaji kutembea na mpira, hivyo hulazimika kusimama papo hapo alipotua. Goti ndilo hubeba breki hiyo.

Mfupa uliovunjika ukifungwa vizuri hujiunga. Ligamenti hii ikikatika kabisa, kwa kawaida haijiungi hivyo. Hapa ndipo wengi hupotea. Mchezaji wa mchangani hukandwa na mchua misuli kwa maji ya moto na dawa ya kuchulia, uvimbe hupungua baada ya wiki kadhaa, akaanza kutembea vizuri, akajihesabu amepona. Siku anaporudi uwanjani na kujaribu kugeuka, goti linaachia. Kila linapoachia, gegedu zinazotenganisha mifupa huumia zaidi, na goti la kijana wa miaka 22 huanza safari ya kuelekea maumivu ya kizee kabla ya wakati wake.

Katika upasuaji wa kawaida wa jeraha hili, daktari haishoni ligamenti iliyokatika. Huchukua ukano kutoka mahali pengine katika mwili wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi chini ya pia ya goti au nyuma ya paja, akatoboa njia katika mfupa wa paja na wa muundi, akaupitisha ukano huo na kuukaza. Hufanyika kwa matundu madogo na kamera, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani mapema kwa magongo. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na madaktari wetu wa mifupa wanaoifanya, wakiwemo wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wanastahili heshima.

Siku moja ya kisu, miezi tisa ya jasho

Ukano uliopandikizwa hauwi ligamenti siku ile ile. Ukishang'olewa mahali pake hukatiwa damu, na katika wiki na miezi ya mwanzo hudhoofika kabla ya mwili kuujenga upya taratibu, kazi inayoweza kuendelea kwa mwaka mmoja na zaidi. Mtego uliopo ni huu: kufikia mwezi wa tatu maumivu yamepungua, mtu anapanda ngazi bila kuchechemea, anajiona mzima, ilhali kilicho ndani ya goti bado hakijakomaa. Macho ya kocha na ya mashabiki humwona mchezaji aliyepona. Goti halijui hivyo.

Kinachojaza pengo hilo ndicho kinachoitwa utengamao. Wiki za mwanzo ni za kuondoa uvimbe, kulinyoosha goti hadi mwisho na kuiamsha misuli ya mbele ya paja, ambayo baada ya upasuaji hulala kana kwamba imesahau kazi yake. Kisha huja miezi ya kujenga nguvu na mizani, halafu kukimbia katika mstari ulionyooka, halafu kuruka kwa mguu mmoja, kutua, kugeuka, na mwishowe kuyafanya yote hayo mtu akiwa amechoka na anasukumwa na mpinzani. Kila hatua ina kipimo chake. Kipimo kinachotumika sana ni cha kulinganisha: mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya mguu mzima, kwa nguvu za misuli na kwa umbali wa kuruka.

Je, vipimo hivi ni mapambo ya kitaalamu tu? Mwaka 2016 watafiti wa Norway na Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili watu 106 waliofanyiwa upasuaji huu. Walibaini kwamba kila mwezi ambao mtu alichelewa kurudi mchezoni, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kiwango cha kuumia tena goti kwa asilimia 51. Miongoni mwa waliorudi bila kufaulu vipimo, asilimia 38.2 waliumia tena. Miongoni mwa waliofaulu, waliumia asilimia 5.6 tu. Soma tena takwimu hizo mbili, ndugu msomaji. Wote walikuwa wamefanyiwa upasuaji. Kilichowatofautisha ni yaliyofanyika baada ya kisu.

Hata hivyo tusidanganyane kuhusu kurudi. Mapitio ya tafiti 69 zilizohusu watu 7,556, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba asilimia 81 walirudi katika mchezo wa aina fulani, asilimia 65 walirudi katika kiwango chao cha awali, na asilimia 55 tu walirudi katika mashindano. Sehemu kubwa ya tafiti hizo ilitoka katika nchi tajiri. Mapitio mengine ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba kati ya wanamichezo walio chini ya miaka 25 wanaorudi uwanjani, asilimia 23 hukatika tena ligamenti hiyo, ama katika goti lile lile ama katika goti la pili. Ni karibu mmoja kati ya wanne, na ndio umri wa wachezaji wetu.

Wapo pia ambao goti limekubali lakini moyo umekataa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hofu ya kuumia tena ni miongoni mwa sababu kuu za watu kutorudi, nayo huhitaji muda na mtu wa kuzungumza naye. Kumwita mchezaji wa namna hiyo mwoga, kama tunavyofanya majukwaani na katika vijiwe vya kahawa, ni kumwadhibu mara mbili.

Nani ana uwezo wa kungoja?

Julai 2022 Alexia Putellas wa Barcelona, aliyekuwa mwanasoka bora wa kike duniani, alikatika ligamenti ya goti siku moja kabla ya michuano ya Ulaya kuanza. Alirudi uwanjani mwishoni mwa Aprili 2023, na Agosti mwaka huo akawa bingwa wa dunia na Hispania. Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia Oktoba 2020, akakaa nje msimu wote uliobaki, akarudi katika mashindano Agosti 2021. Tukiwaona tunasema wana moyo wa chuma. Moyo wanao, sikatai. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya miezi ile kulikuwa na mshahara, mtaalamu wa fiziotherapia wa kila siku, ukumbi wa mazoezi, na klabu iliyoweza kushinda mechi bila wao.

Mfumo wa soka la kimataifa unaelewa vema kwamba muda wa kupona ni fedha. Tangu mwaka 2012 FIFA ina mpango wa kuzilinda klabu ambao huzifidia mshahara wa mchezaji aliyeumia akiwa na timu ya taifa na kukaa nje zaidi ya siku 28, hadi kikomo cha euro milioni 7.5 kwa mchezaji mmoja. Angalia nani analindwa: klabu, kwa kiasi cha mshahara inaoulipa. Goti lenye mshahara mkubwa lina bima kubwa. Goti lisilo na mshahara wa maana halionekani kabisa.

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Chukua mchezaji wa madaraja ya chini mwenye mkataba wa msimu mmoja. Anaumia Februari. Fedha za kipimo cha MRI na upasuaji zinapatikana kwa kuchangishana, hivyo anapasuliwa Aprili. Miezi tisa kutoka hapo inamfikisha Januari ya mwaka unaofuata. Mkataba wake unaisha Juni. Katika soka inakubalika kwamba jeraha peke yake si sababu halali ya kuvunja mkataba, na kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinakataza hata uhalali wa mkataba kutegemea kufaulu vipimo vya afya. Ni kanuni nzuri. Lakini hakuna haja ya kuuvunja mkataba unaokufa wenyewe wakati mwenye nao yuko mwezi wa pili wa mazoezi.

Tazama pia sheria zetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Miezi tisa ni siku zipatazo 270. Hata mchezaji ambaye klabu yake inamhesabu kuwa mwajiriwa kamili, likizo hiyo inamwacha njiani kabla hajafika nusu ya safari. Ambaye hana mkataba wowote ila posho ya mechi hana hata hizo siku 126.

Sizungumzi haya kutoka vitabuni tu. Miaka michache iliyopita, katika bonanza la wafanyakazi, ligamenti ya goti langu la kulia ilikatika, na nikapasuliwa. Nikiwa mhadhiri niliendelea kupokea mshahara, bima ililipa sehemu kubwa ya gharama, wanafunzi wangu wa uzamili walinifuata nyumbani na rasimu zao, na hakuna aliyenihitaji nikimbie ili nile. Kwa miezi mingi nilihudhuria mazoezi mara tatu kwa wiki. Katika chumba kile kile alikuwepo kijana winga wa timu ya daraja la chini, mwenye umri wa nusu ya wangu na misuli ambayo mimi sijapata kuwa nayo. Kwa kila kigezo cha mwili yeye ndiye aliyestahili kupona haraka kuliko mimi.

Alifika kwa wiki nane hivi, kisha akaadimika. Nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na malipo ya kila kipindi, vilimshinda. Aliponipigia simu baadaye, alikuwa mwezi wa tano tangu upasuaji, na timu yake ilikuwa inatafuta kupanda daraja. "Mwalimu," aliniambia, "wamesema nikicheza mechi mbili hizi nitapata posho na msimu ujao nitasajiliwa. Nisipocheza, nafasi anapewa mwingine." Alicheza. Goti liliachia katika mechi ya pili. Mimi, mwenye umri wa miaka arobaini na ushei, ambaye maisha yangu hayategemei hata hatua moja ya kukimbia, leo ninacheza na maveterani kila Jumamosi. Yeye, ambaye mguu ndio uliokuwa jembe lake, anaendesha bodaboda. Hatukutofautiana kwa nidhamu. Tulitofautiana kwa kuwa mmoja wetu alilipwa wakati anangoja.

Magoti ya dada zetu

Jambo hili ni zito zaidi kwa wanawake. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba hatari ya kukatika ligamenti hii ni kubwa kwao, mara mbili na zaidi, kuliko kwa wanaume wa mchezo ule ule. Kombe la Dunia la Wanawake la 2023 liliwakosa Leah Williamson na Beth Mead wa Uingereza na Vivianne Miedema wa Uholanzi, wote watatu wa klabu moja ya Arsenal, wote kwa jeraha hili hili. Wako wanaoeleza kwa umbo la nyonga na homoni, na hayo yana nafasi yake. Lakini wako pia wanaouliza maswali ya kijamii: viatu vilivyobuniwa kwa kipimo cha mguu wa mwanaume, viwanja vibovu wanavyopewa wanawake, na wasichana kuanza mazoezi ya nguvu wakiwa wamechelewa kwa sababu hakuna aliyewafungulia mlango wa ukumbi.

Nchini mwetu JKT Queens na Simba Queens zimetuwakilisha katika Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Afrika, na tumejivunia. Msichana anayetuletea fahari hiyo hupata malipo madogo kuliko kaka yake huku goti lake likiwa katika hatari kubwa zaidi. Mwaka 2021 FIFA ilianza kutekeleza kanuni za kumlinda mchezaji mjamzito, zenye haki ya likizo yenye malipo na marufuku ya kumfukuza kwa sababu ya ujauzito. Ni ushahidi kwamba mkataba wa michezo unaweza kuandikwa ukitambua kuwa mwili wa mchezaji una nyakati zake. Lililowezekana kwa uzazi linawezekana kwa goti.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema: nchi bado inahangaika na vifo vya akina mama na uhaba wa dawa katika zahanati, goti la mcheza mpira ni anasa. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ningekuwa ninadai mashine za mabilioni. Sidai hivyo. Sehemu yenye uzito mkubwa katika kupona ndiyo ya bei nafuu kuliko zote: mtaalamu mwenye maarifa, mkeka, vyuma vichache vya kunyanyua, na muda.

Tena si kila goti linahitaji kisu. Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2010 uliwagawa kwa bahati nasibu watu wazima vijana 121 wenye kukatika ligamenti hii. Kundi moja lilipasuliwa mapema na kufanya mazoezi. Kundi la pili, la watu 59, lilianza na mazoezi, na upasuaji ukabaki akiba kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka miwili makundi hayo hayakutofautiana kwa maana katika hali ya magoti yao, na katika kundi la pili ni 23 tu waliokuwa wamepasuliwa. Wachezaji wa kulipwa hawakuwemo katika utafiti huo, kwa hiyo tusiugeuze kuwa sheria kwa wote. Lakini kwa mwalimu wa sekondari, askari au mkulima aliyeumia katika bonanza, somo ni wazi: fiziotherapia nzuri yaweza kumwepusha na kisu. Mahali pasipo na fiziotherapia, mtu hana chaguo ila kisu au kilema.

Na kinga ni bora kuliko tiba. FIFA ina programu ya kupasha mwili joto inayoitwa 11+, ya dakika zipatazo 20, isiyohitaji kifaa zaidi ya mpira. Ni mazoezi ya mizani, ya nguvu za paja na ya namna sahihi ya kuruka na kutua. Ilijaribiwa mjini Lagos kwa vijana 416 wa timu 20 wenye umri wa miaka 14 hadi 19, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha majeraha yakipungua kwa asilimia 41 kwa jumla, na ya miguu kwa asilimia 48. Lagos, si Oslo. Vumbi lake na bajeti zake vinafanana na vyetu.

Wengine watasema mchezaji alichagua kazi hiyo akijua hatari zake. Mchimba madini naye alichagua, na dereva wa lori, na fundi umeme. Hatukuwaambia wajikande kwa maji ya moto. Tuliwatungia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na kuwaundia mfuko wake. Mchezaji anapofunga bao, furaha yake tunaila taifa zima. Haiwezekani shibe iwe ya wote na jeraha liwe la mtu mmoja.

Yafanyike yapi

Kwanza, liwekwe sharti katika kanuni za leseni za klabu kwamba mchezaji akiumia akiwa kazini mkataba wake hauishi hadi afaulu vipimo vya kurudi, au daktari asiye wa klabu athibitishe kwamba hatarudi tena. Kwa jeraha hili, nyongeza hiyo isipungue miezi tisa kutoka siku ya upasuaji.

Pili, klabu zinazoajiri wachezaji zisajiliwe na kuwachangia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kama mwajiri mwingine yeyote. Mafao ya mfuko huo yanataja wazi huduma za utengamao. Mtu anayelipwa mshahara kwa mkataba, akipangiwa saa za kazi na kuadhibiwa akichelewa, ni mfanyakazi, hata kama sare yake ina namba mgongoni.

Tatu, utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 uhesabu vipindi vya fiziotherapia kuwa sehemu ya tiba yenyewe, si nyongeza ya hiari. Kulipia kisu na kuacha mazoezi ni kununua mbegu na kukataa kumwagilia. Hilo liendane na kuwaajiri katika hospitali za mikoa na wilaya vijana wanaohitimu fiziotherapia, fani ambayo KCMC Moshi imekuwa ikiifundisha kwa miongo kadhaa.

Nne, uamuzi wa lini mchezaji arudi usiwe wa kocha wala wa mwenyekiti wa klabu. Wote wawili wana mechi ya Jumapili. Uwe wa mtabibu, uandikwe, na vipimo viambatishwe.

Tano, dakika 20 za kupasha mwili joto ziwe lazima katika UMITASHUMTA, UMISSETA, michezo ya vyuo vikuu na SHIMIWI. Nawasemea hasa ndugu zangu watumishi wa umma, ambao mwaka mzima tunakaa vitini, kisha kwa wiki mbili tunataka kucheza netiboli na kuvuta kamba kama tuna miaka 18.

Wanafunzi wa sheria mnaonisoma, hapo pana mada ya tasnifu: mchezaji wa kulipwa katika sheria za kazi za Afrika Mashariki. Wanaharakati, mmesimama kwa haki na wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani. Chumba cha kubadilishia nguo nacho ni mahali pa kazi. Watumishi wa umma, ninyi ndio mnaoandika rasimu za kanuni hizo, na mstari mmoja mkiuandika vizuri unatosha kubadili maisha ya kijana.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa kwa pamoja uenyeji wa AFCON ya 2027. Kwa ajili hiyo viwanja vilianza kujengwa Arusha, Nairobi na Hoima, na fedha zilipatikana. Sina ugomvi na saruji. Lakini wanaoujaza uwanja huo maana ni watu wenye magoti, na wengi wao wataumia muda mrefu baada ya wageni kuondoka, katika mechi zisizo na kamera. Basi kiongozi wa klabu atakapowatangazia tena kwamba upasuaji umekwenda salama, mshukuruni Mungu, kisha muulizeni maswali mawili: mkataba wa kijana huyu unaisha lini, na nani atalipia mwezi wa tisa?